Injini Iliyokataa Kuzimika

Tulimwacha Nozeli ndani ya shimo la gereji, lori likinguruma juu ya kichwa chake, na mumewe yuko kwenye usukani, mkono kwenye ufunguo. Aliuzungusha, akauchomoa, akautazama. Injini haikuzimika. Ndiyo kwanza ikapandisha sauti.

Kwa waliopandia njiani: Nozeli ni fundi wa injini za dizeli, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hakuna nozeli ya kupulizia mafuta iliyowahi kumshinda. Gereji inaendeshwa na kaka yake. Lori ni la mtu tunayemwita Bosi Kokoto, ambaye analitaka lipande mlima wa machimbo na mzigo kamili. Anayeliendesha ni Kipara, mume wa Nozeli. Wiki nzima Nozeli alikuwa akiliongezea nguvu: amebadilisha nozeli, amelegeza skrubu ya pampu kidogo tu, na turbo ile ile ya zamani, feni inayoisukumia injini hewa, ameifungua, akaitia sili mpya za kuzuia oili isipenye, akaikabidhi ifungwe. Kaka alitaka turbo kubwa zaidi. Nozeli alikataa, wakanuniana. Haya, turudi shimoni.

"Zima hicho kitu," Kaka alifoka kutoka kwenye benchi la kazi.

"Nimeshazima, shemeji. Ufunguo huu hapa."

"Sasa inakula nini?"

Lilikuwa swali zuri. Dizeli ilikuwa imekatwa. Injini ilikuwa inajila yenyewe. Ilivuta oili yake kupitia kwenye turbo, ikaichoma, ikazidi kuzunguka, na kadiri ilivyozunguka ndivyo ilivyozidi kuvuta. Mafundi wanaiogopa hali hiyo kuliko moto. Injini ikishafika hapo, ama itaishiwa na oili na kukwama, ama itapasuka. Na vyuma vikiruka havichagui pa kwenda.

Kipara akafanya ambalo dereva yeyote angefanya. Akaamua kuingiza gia na kuachia klachi ghafla, uzito wa lori uikabe injini. Lakini alikuwa na haraka. Badala ya gia kubwa akaingiza rivasi.

Lori likaruka nyuma kama punda aliyechomwa mkuki. Usukani ulikuwa umekatwa upande, tairi la mbele la kulia likapoteza sakafu, likatumbukia shimoni. Tumbo la lori likakaa kitako kwenye saruji. Gia ikachomoka yenyewe.

Injini ikaendelea kulia.

Nozeli alikuwa amejibanza kwenye pembe ya mwisho. Tairi lilishuka mbele ya magoti yake, likasimama hapo likizunguka taratibu. Aligeuka kutazama ngazi. Hazikuonekana. Ekseli ilikuwa imezilalia. Kulia tangi la mafuta, kushoto mitungi ya hewa ya breki, nyuma yake ukuta. Kati ya chuma na ukingo wa shimo ulibaki upenyo mmoja, mpana kama kiganja kilicholazwa.

Alipiga kelele. Hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Kupitia upenyo ule aliona viatu vya kaka yake, vile vya ngozi ambavyo hakuwahi kuvitia oili tangu awe msimamizi. Viatu vilikimbia kuelekea mlangoni. Moyo wa Nozeli ukatulia kidogo. Kaka anakwenda kuita watu.

Kisha mwanga ukaanza kupungua. Ukawa mstari. Ukakatika.

Kaka alikuwa amefunga mlango.

Alikuwa ameona gari la Bosi Kokoto likiingia uani. Akatoka, akavuta milango ya bati nyuma yake, akaegemea kwa mgongo na kuchora tabasamu ambalo halikumkaa.

"Karibu, Bosi. Umefika wakati mzuri. Tunalijaribu."

Bosi Kokoto alisimama akasikiliza. Ni mtu mnene, mpole, ambaye kila mtu anamwogopa kwa sababu hasemi sana.

"Sikia mwenyewe hiyo nguvu," Kaka akasema.

"Hiyo siyo nguvu," Bosi akajibu. "Hicho ni kilio."

Ndani, moshi mweupe unaonuka oili ulikuwa umejaa kuanzia darini kushuka chini. Kipara aliruka kutoka kwenye usukani, akalala kifudifudi sakafuni, akaweka mdomo kwenye upenyo. Akaita. Kilichomjibu ni mkono.

Mkono wa mkewe ulitoka chini ya lori, mweusi hadi kwenye kiwiko. Ulikunja ngumi. Kisha ukafunguka, ukakunja ngumi tena.

Kipara alidhani anaagwa. Akaushika, akaubusu.

Mkono ukamzaba kofi.

Halafu ukajitoa wote, na wa pili ukafuata. Wa kwanza ukafanya tundu kwa vidole, kama mtu anayechungulia. Wa pili ukalipiga lile tundu kiganja, ukaliziba. Tundu, kiganja. Tundu, kiganja.

Ziba mdomo.

Kipara akaelewa. Boneti ilikuwa wazi, na bomba la hewa Kaka alikuwa amelifungua ili aitazame turbo ikizunguka. Mdomo wa turbo ulikuwa wazi, ukinyonya. Injini hata ikipata oili ya dunia nzima, bila hewa haiwaki.

Alivua shati, akalikunja, akalisukuma pale mdomoni. Turbo ikalimeza kama tonge. Injini ikakohoa, ikatema vipande vya nguo, ikapanda tena, sauti nyembamba zaidi sasa, sauti inayoingia kwenye meno.

Alitupa macho huku na huku. Kwenye benchi kulikuwa na sinia la chuma la kuoshea vipuri. Akalikamata, akamwaga vyote vilivyokuwemo, akalipiga juu ya ule mdomo kwa mikono miwili na kulilalia kwa kifua.

Sinia likavutwa. Likang'ang'ania. Kingo zake zikamkata viganja, naye hakuachia. Injini ikatikisa lori zima. Ikashuka. Ikatapatapa. Ikapiga mara moja, ikapumzika, ikapiga tena.

Ikafa.

Matone ya oili yakaanza kusikika, moja moja, yakidondokea shimoni.

"Mke wangu."

Akalala tena kwenye upenyo.

"Mke wangu, sema neno."

"Usiguse gia tena," sauti ikatoka chini, imekwaruzika kwa moshi. "Maisha yako yote."

Kipara akaketi sakafuni bila shati, viganja vinavuja damu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakukatika.

Milango ya bati ikasukumwa kwa bega. Bosi Kokoto akaingia, moshi ukimpita kichwani kwenda nje. Nyuma yake alikuja Kaka, ametazama chini. Bosi aliliona lori lake limezika pua shimoni. Hakulizungumzia.

"Nani yuko chini?"

"Mke wangu," Kipara akasema.

Bosi akamgeukia Kaka. "Ulikuwa unaniambia nini pale nje, na dada yako yuko humu?"

Kaka akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi sikuomba nguvu ya ndege," Bosi akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Niliomba lipande mlima bila kupumzika njiani. Nani alitaka haya?"

Kabla Kaka hajajibu, kitu kikalia *kach* chini ya lori. Saruji. Ukingo wa shimo, uliolowa oili mwaka baada ya mwaka, ulikuwa umeanza kumeguka chini ya uzito. Kipande kama tofali kikadondoka, na lori likashuka. Si sana. Lakini ule upenyo wa kiganja sasa ukawa wa vidole vitatu.

"Kateni nyaya za betri kwanza," Nozeli alisema kutoka chini. "Kuna bomba la dizeli limechanika, linanimwagikia begani. Cheche moja tu. Halafu mlete jeki."

Jeki ya gereji ilikuwa fupi. Iliinua malori yaliyosimama sawasawa, si lori lililolala. Jeki ndefu ilikuwa machimboni. Bosi Kokoto hakumtuma mtu. Alivua koti, akaliweka juu ya benchi lenye oili kana kwamba ni kitanda, akaingia garini mwake na kuondoka kwa kasi ambayo mwili ule usingedhaniwa.

Kipara akakata nyaya. Kisha akaanza kukusanya mbao na magogo ya kuegeshea, akiyagongea chini ya chasisi, moja juu ya jingine.

Kaka alilala kifudifudi pale kwenye upenyo. Shavu lake lilikuwa kwenye sakafu ambayo hajaigusa kwa miaka.

"Mdogo wangu. Unapumua vizuri?"

 Nozeli alikuwa amewasha tochi ya kichwani na kuielekeza juu. Kutokea pale chini aliiona turbo vizuri kuliko mtu yeyote aliyesimama juu. Ilikuwa pana mno. Ilipakwa rangi ya fedha, bado mpya, na pale joto lilipoibabua rangi, chini yake kulikuwa na kutu.

"Hii siyo yangu," akasema.

Kaka akageuza shavu upande wa pili.

"Kaka. Ile niliyoitengeneza iko wapi?"

"Iko stoo. Haina tatizo."

"Na hii?"

"Niliifunga ulipokwenda kununua filta." Akashusha sauti. "Niliipulizia rangi nje tu. Sikuifungua ndani."

Yaani sili zilikuwa zimekufa tangu haijafungwa. Nozeli alifumba macho. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kaka yake alikuwa nguo ya kwanza aliyoivaa duniani.

"Kwa nini?"

"Wateja wakifika getini hawaulizi gereji," Kaka akasema. "Wanauliza, Nozeli yupo? Nikiwaambia hayupo, wanageuza magari. Mimi nasimama pale kama mlinzi. Nilitaka injini moja. Moja tu, ipande ule mlima, watu waseme ile ni kazi ya kaka mtu."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba namwonea wivu mtoto niliyemfundisha kushika spana?"

Dizeli ilidondoka begani mwa Nozeli, ya baridi, ikateremka mgongoni. Alijaribu kusogea, goti likagota kwenye tairi. Hakukuwa na pa kusogea. Alikuwa amekunjamana kama shuka kwenye begi, pumzi anaivuta kidogo kidogo ili asiimeze harufu yote.

"Ulifunga mlango," akasema.

"Nilifunga."

"Ulijua niko humu."

"Nilijua. Nilidhani itazima yenyewe. Nilidhani nitapata dakika ya kumzungusha Bosi, halafu..." Hakumaliza. "Niliposhika ule mlango nilikuwa nimeshajuta. Lakini mkono ulikuwa umeshavuta."

Saruji ikamegeka tena. Lori likapiga kelele ya chuma kwenye chuma, likaegemea magogo ya Kipara. Magogo yakalia lakini yakashika. Vumbi likamwingia Nozeli machoni.

"Lete ule ubao mrefu, shemeji," Kipara akasema kutoka upande wa pili, bila hasira, kwa sababu hasira hakuwa na nafasi nayo. "Ule wa mwerezi. Haraka."

Kaka akainuka, akauleta, wakaugongea wote wawili. Kisha akarudi kulala pale pale, kana kwamba adhabu yake ilikuwa na mahali maalumu.

Nozeli alikuwa bado anaitazama turbo. Fundi mzuri hawezi kuacha kufikiri hata akiwa ndani ya kaburi. Turbo kubwa namna ile haitoki kwenye lori.

"Uliitoa wapi?"

"Kwenye ule mtambo wa kusagia mawe uliokufa. Waliuuza vyuma chakavu."

"Mtambo ule una safu mbili za silinda, Kaka."

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa na turbo mbili."

Kaka akakuna sakafu kwa kucha.

"Kaka. Ya pili iko wapi?"

Nozeli aliliona jicho la kaka yake kupitia ule upenyo, jicho moja tu, jekundu kwa moshi. Liliacha kumtazama, likageukia pembeni.

"Alilalamika lori lake limechoka," Kaka akasema. "Kila siku ananiambia, mwanangu, siku hizi hata baiskeli zinanipita. Nikataka kumfurahisha. Nikaifunga jana. Injini yake na hii ni sawa."

"Lori la nani?"

"La Baba."

Baba yao ndiye aliyefungua gereji hii, akaifanyia kazi mpaka magoti yakakataa kuinama. Kuendesha hakuacha. Alikuwa na lori lake kuukuu, alilipenda kuliko vitu vyote alivyonunua, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka nalo, Mama kando yake, wakimpelekea shangazi kabati la nguo ng'ambo ya mlima. Kupanda wangekuwa wameshapanda. Upande wa pili wa mlima ule ni mteremko mrefu, wenye kona, na korongo kushoto.

Nozeli alihisi shimo limepungua ukubwa, ingawa hakuna kilichosogea.

"Mpigie."

"Baba hapokei simu akiwa barabarani."

"Mpigie Mama."

Kaka akabonyeza simu, ikaita, akaisukuma kwenye upenyo. Iliingia kwa kusugua. Nozeli aliidaka kwa vidole viwili, akaibana kati ya sikio na ukuta.

"Mwanangu," Mama akapokea, sauti imejaa furaha na makelele nyuma yake. "Ulikuwa moyoni mwangu sasa hivi. Baba yako leo amekuwa kijana. Tumeyapita malori yote mlimani. Mengine alikuwa anayapungia mkono."

"Mama, nisikilize. Mko wapi?"

"Tunateremka. Umekohoa, una mafua?"

"Mama, hiyo kelele ni ya injini?"

"Ndiyo, mwanangu. Na nyuma kuna moshi mweupe, hata kabati la shangazi yako silioni. Baba yako anasema ni nguvu mpya, inazoea. Ila..." Sauti ilishuka, kama ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye jirani. "Ila tangu tumalize kupanda hajacheka tena. Ametoa ufunguo ameniwekea mapajani. Sijui kwa nini."

Kipara alikuwa ameacha kugonga. Kaka alikuwa ameweka paji la uso kwenye sakafu. Gereji nzima ilisikia ile sauti ndogo ikitoka chini ya lori.

Nozeli alitaka kusimama. Mwili wote ulitaka kusimama, ukimbie, ufike kule. Kichwa chake kikagonga chuma. Hakukuwa na kusimama wala kukimbia. Alikuwa na mdomo tu.

"Mama, mwambie Baba maneno haya haya, usiongeze wala usipunguze. Aache gia kubwa iliyomo, asiitoe. Abane breki kwa nguvu zake zote, asiachie hata kidogo, mpaka injini ikabwe na kuzimika. Na asikanyage klachi. Umesikia, Mama? Klachi asiiguse. Akiikanyaga injini haitakuwa na kitu cha kuishika, itapasuka mbele yenu, na lori litateremka lenyewe."

"Gia aiache, breki abane, klachi asiguse."

"Hivyo hivyo. Mwambie sasa."

Alisikia Mama akigeuka kwenye kiti, akimwambia mumewe kwa utulivu, neno kwa neno, kama anavyomsomea vitu vya kununua sokoni. Alisikia sauti ya Baba, fupi. Hakushika alichosema. Juu yake saruji ikalia, magogo yakajibu, vumbi likamwagika kwenye nywele. Hakusogea. Aliibana simu kwenye ukuta mpaka sikio likauma.

Mama akarudi. Furaha ilikuwa imeondoka sautini, na mahali pake palikuwa na ule upole anaoutumia misibani.

"Mwanangu," akasema, "baba yako anasema klachi alishaikanyaga kule kwenye kona ya kwanza. Sasa anajaribu kuiachia, na pedali haitaki kurudi juu."